Fyusheni si kimbilio la aliyeshindwa na raga

Nimeulizwa tena. Safari hii ni kijana mmoja wa Malindi, aliyenianza kwa adabu zote, "Shikamoo mwalimu," kisha akaleta swali lile lile: anataka kuwa mpiga sitari, kile chombo cha nyuzi cha India, ila hana muda wa mambo ya klasiki, kwa hiyo angependa ajifunze moja kwa moja fyusheni, yaani kuchanganya muziki wa India na wa kwingine. Kabla yake prodyuza wa Nairobi aliniambia jambo hilo kwa namna yake: "Njoo tu upige chochote, si muziki wenu ni wa kubuni?" Na huku Pune, India, ninakoishi na kufanya kazi, wazee wanaokalia safu ya mbele ukumbini wameishika imani hiyo hiyo kwa upande wake wa pili. Wao humwona anayepiga na gitaa na dramu kuwa ni yule aliyetoroka masomo kabla hayajaiva.

Kijana, prodyuza na wazee hawajawahi kukutana, lakini wamekubaliana: fyusheni ni nyepesi kuliko raga, yaani ile mifumo ya nota ya klasiki ya India. Majibu mafupi nimeyatoa sana na hayakusaidia kitu, kwa hiyo leo nitasema kwa urefu.

Hilo la kubuni nilimalize upesi. Ni kweli, sehemu kubwa ya tamasha la raga haijaandikwa popote. Alapu, ule utangulizi wa polepole usio na mapigo, hutungwa pale pale, na tihai nyingi, vifungu vya kurudiwa mara tatu, huzaliwa jukwaani. Lakini malenga anayejibu shairi papo kwa papo hakuachiwa aseme lolote: vina vinamngoja, mizani inamhesabia, na akikosa kina cha kati wasikilizaji wameshajua kabla hajafika mwisho wa mshororo. Raga nayo ina nota za kupandia na za kushukia, nota ya kukaa, nota ya kupitia bila kutua, na vifungu ambavyo visiposikika hakuna atakayeamini kuwa ni yenyewe. Uhuru wote tunaousifu umo humo ndani. Anayeniambia nipige chochote ananiomba nisipige raga.

Sasa niingie kwenye lile linaloniudhi hasa, na hapa nitakawia.

Chukua raga iitwayo Bhupali. Nota tano tu kati ya saba zetu (Sa, Re, Ga, Ma, Pa, Dha, Ni): Sa, Re, Ga, Pa, Dha. Mwanafunzi hupewa mapema sana, ndiyo maana watu huidharau. Kama una kinanda karibu, weka Sa, nota ya nyumbani, kwenye C, utapata C, D, E, G, A. Hakuna Ma, hakuna Ni. Raga nyingine, Deshkar, ina nota hizo hizo tano, bila kuzidi wala kupungua. Bhupali ni ya jioni, makao yake ni Ga. Deshkar ni ya asubuhi, hukaa juu kwenye Dha, na Re yake huguswa kwa upesi tu. Ukiandika nota za zote mbili kwenye karatasi huwezi kujua ipi ni ipi. Anayepiga Bhupali akang'ang'ania Dha kupita kiasi amekwisha kuvuka mpaka, na ustadhi humkatiza papo hapo, hangoji amalize.

Haya, lete wimbo wa kawaida wa redioni. Nyingi huzunguka kodi nne za kinanda, yaani nota kadhaa zinazopigwa pamoja: C meja, A maina, F meja, G meja. Kodi ya F imebeba F, A na C. Hiyo F ndiyo Ma. Kodi ya G imebeba G, B na D. Hiyo B ndiyo Ni. Kwa hiyo kati ya kodi nne zinazopendwa kuliko zote katika muziki wa redio, mbili zinaleta zile nota mbili hasa ambazo Bhupali imezikataa. Mpiga sitari anaweza kuwa mwaminifu kwa raga yake mwanzo hadi mwisho, asiguse nota hata moja ya nje, na bado wasikilizaji wasisikie Bhupali, kwa sababu kinanda kimeshaijaza Ma na Ni masikioni mwao.

Na hiyo A maina je? Nota zake ni A, C, E, yaani Dha, Sa, Ga. Zote ni za Bhupali. Prodyuza wengi hunionyesha kodi hiyo kwa furaha, wakidhani hapa tumeelewana. Ndiyo inayonitisha zaidi. Besi ikishuka kwenye A na kutulia, sikio la msikilizaji linaifanya A kuwa Sa mpya. Nota ni zile zile tano, lakini zikihesabiwa kutoka A zinakuwa Dhani, raga nyingine kabisa, yenye Ga komali na Ni komali, yaani zilizoshushwa nusu toni. Besi ikihamia G, umepata Durga. Ikihamia D, umeingia kwenye ukoo wa Megh, raga za mvua. Ikitua kwenye E, ni Malkauns, raga ya usiku wa manane. Mimi sijabadilisha chochote mkononi. Mpiga besi amenitembeza kwenye raga nne ndani ya mapigo kumi na sita, na hajui kama amefanya hivyo.

Wanamuziki wa India wanalijua jambo hili na huliita murchhana. Mastadhi hulifanya kwa makusudi: wanaihamisha Sa kwa muda mfupi ndani ya raga, ukumbi mzima unaguna, kisha wanarudi nyumbani. Linasisimua kwa sababu tanpura, chombo cha kushikilia nota ya nyumbani, nyuma yao inaendelea kuitaja Sa ya kweli bila kuchoka, na msikilizaji anajua wametoka wapi. Kodi za pop zikiwa zinabadilika kila baada ya mapigo manne, hakuna nyumbani pa kurudi.

Ndiyo maana nasema kazi ya kwanza ya mpiga fyusheni ni kuamua nini kisipigwe. Naweza kumwomba mpiga besi akae kwenye Sa na Pa, asitoke. Naweza kumwomba mpiga gitaa aache kodi kamili, apige nota mbili mbili, au apige mstari wake wa pembeni unaoheshimu mwendo wa raga. Au nachagua raga inayovumilia kodi. Kirwani ni mojawapo, na Charukeshi nyingine, zote mbili zimetoka kusini kwenye mfumo wa Karnataka. Skeli ya Kirwani ni ile ile ambayo wenye gitaa wanaijua kama maina ya harmoniki, kwa hiyo kila mtu chumbani anajiona yuko kwao. Ukisikia sitari na gitaa kwenye rekodi moja, mara nyingi utakuta ni Kirwani. Naipenda, lakini kuna miezi natamani nisiisikie tena.

Yote hayo ni kabla hatujafika kwenye nota zenyewe. Kinanda kimeigawa oktavu vipande kumi na viwili vilivyo sawa. Ga safi, ile inayojitokeza yenyewe kwenye mtetemo wa tanpura iliyotyuniwa vizuri, iko chini ya E ya kinanda kwa takriban senti 14, kama sehemu ya saba ya nusu toni. Inaonekana ndogo. Mweke mpiga kinanda ashikilie E yake huku nimekaa kwenye Ga yangu, utasikia sauti zikigombana, wuu-wuu-wuu. Raga ya Darbari ndiyo mbaya zaidi. Ga yake komali haina mahali pa kusimama: inavutwa kutoka Re, inayumba polepole, inarudi, na myumbo huo ndio unaomfanya msikilizaji aseme "hii ni Darbari". Hakuna ufunguo wa kinanda unaoweza kuyumba. All India Radio, redio ya taifa, ilipiga marufuku harmoni, kile kinanda kidogo cha mvukuto, kwenye matangazo yake mwaka 1940, na mojawapo ya hoja ilikuwa hii hii ya sauti zilizogandishwa mahali pamoja. Siungi mkono marufuku. Waimbaji wakubwa wameimba na harmoni na hawakupungukiwa. Ila hoja yenyewe ilikuwa na miguu.

Hapa nitasema jambo ambalo vitabu hulipitia kwa haraka. Tumefundishwa kwamba oktavu ina shruti 22, yaani hatua ndogo ndogo za sauti, na walimu huzitaja kana kwamba ziko kabatini zimepangwa. Vipimo vilivyofanywa kwenye rekodi za mastadhi vinaonyesha kwamba nota ile ile, ya raga ile ile, kwenye mkono ule ule, husogea huku na huku. Mimi mwenyewe sihesabu shruti ninapopiga. Natafuta mahali ambapo nota inatulia, na mahali hapo panabadilika kulingana na nilikotoka na ninakokwenda. Kama idadi hiyo ya 22 ina maana yoyote kwa mpigaji wa leo, bado sijashawishika.

Turudi kwenye chombo. Sitari yenye mtindo wa Ravi Shankar, mpiga sitari mashuhuri, ina nyuzi saba za juu, zikiwemo nyuzi nzito za besi. Ile ya mtindo wa mwenzake Vilayat Khan kwa kawaida ina sita, haina zile nzito, na imejengwa ili iimbe. Chini ya parda, vile vyuma vya kubania nyuzi, kuna nyuzi nyingine 11 hadi 13 ambazo hazipigwi. Zinaitikia zenyewe, na kila moja hutyuniwa kwenye nota ya raga ya wakati huo. Ukitoka Bhupali ukaingia Kirwani, nyuzi hizo zote hazina budi kuguswa upya, na parda kadhaa zisogezwe. Wacheza gitaa wanabadilisha wimbo kwa kuangaliana tu. Mimi nahitaji dakika kadhaa za ukimya, na ukimya huo hakuna anayenipa. Kwa hiyo orodha ya nyimbo za usiku mzima hupangwa kwa kufuata nyuzi za chini, na wenzangu kwenye bendi wamejifunza kutobishana nami juu ya hilo.

Halafu Sa. Kwenye sitari inakaa karibu na C kali au D, kwa sababu urefu na unene wa uzi, mvutano wake, boga la mwangwi na daraja vimekubaliana hapo. Prodyuza ananitumia wimbo ulio kwenye F na kuuliza kama siwezi "kusogeza kidogo". Sitari haina kapo, kile kibanio cha gitaa cha kupandisha sauti. Naweza kuihamishia Sa kwenye parda nyingine, lakini chikari, nyuzi za pembeni za mdundo, na nyuzi zote za chini zitabaki zinaitikia Sa ya zamani, na kinachotoka ni sauti nyembamba isiyo na mwangwi wake. Niulizwe kabla mwimbaji hajarekodi. Hili ndilo ombi langu la kwanza kwa kila anayeniajiri, na ndilo linalosahauliwa na karibu kila mmoja.

Kuhusu jukwaa nitapita haraka. Boga lililo wazi mbele ya spika za dramu linaanza kuvuma lenyewe. Taa zinapasha nyuzi, kiyoyozi kinazipoza, na kutyuni kwako kumekwenda. Fundi mitambo asiyewahi kusikia jawari nzuri hudhani ule mlio wa nyuki ni hitilafu, anaukata. Kumbe mlio huo ni kazi ya mikono, uso wa daraja umekwanguliwa na mafundi wa Miraj au Kolkata hadi uzi uguse pale tu unapotakiwa.

Kwenye mapigo watu hujiona wako salama, kwa kuwa tintali, mzunguko wetu wa mapigo, ina mapigo 16 na dramu ya roki huenda nne nne. Nne mara nne ni kumi na sita, tatizo liko wapi? Liko kwenye pigo la tisa. Hapo ni khali: mkono wa besi wa tabla, zile ngoma zetu mbili, unanyamaza, na kunyamaza huko ndiko kunakotuambia tuko nusu ya safari. Mpiga dramu anayekanyaga besi yake bila kuacha amefuta khali, na mimi ninayetafuta samu, pigo la kwanza, nimebaki sina alama. Isitoshe, gati (kipande cha sitari kilichotungwa) ya mtindo wa Masitkhani huanza kwenye pigo la 12. Kwa mpiga dramu mgeni mwanzo huo unasikika kama nimejichanganya, na mwenye huruma hujaribu kunisaidia kwa kuongeza pigo. Tunafika kwenye samu yeye akiwa kwake na mimi kwangu.

Baada ya yote hayo naweza kulisema lile ambalo wazee wa safu ya mbele hawapendi kulisikia. Kwenye tamasha la klasiki naweza kukutana na mpiga tabla jioni ile ile, tukasalimiana, tukakubaliana kasi na tala (mzunguko wa mapigo), tukapanda jukwaani na kupiga muda mrefu bila mazoezi hata ya dakika moja. Hutokea kila msimu, na hakuna anayeona ajabu, kwa sababu sheria ipo tayari na wote wawili tumeimeza tangu utotoni au ujanani. Kwenye fyusheni hakuna sheria iliyotangulia. Kila bendi inaanza upya kuamua nyumbani ni wapi, nani anaruhusiwa kuhama, pigo la kwanza linasikikaje, na nota gani imefungwa. Asiyeijua raga hadi mifupani hawezi hata kuona kwamba kuna jambo la kuamuliwa. Ataona tu wimbo haukai, na atalaumu kurekodi.

Historia nayo imepindishwa. Watu husema fyusheni ilianza Beatles waliposhika sitari. George Harrison aliipiga kwenye wimbo wa "Norwegian Wood" mwaka 1965 kwa mikono ya mpiga gitaa. Ni mwaka uliofuata ndipo alipokutana na Ravi Shankar na kwenda India kujifunza, na nampa heshima kwa hilo. Lakini Ali Akbar Khan alikuwa ameshapiga sarodi, chombo kingine cha nyuzi cha India, New York mwaka 1955, kwa mwaliko wa mpiga fidla Yehudi Menuhin. Na huko London mwaka 1966 John Mayer, mzaliwa wa Calcutta, na Joe Harriott, mpiga saksofoni wa Jamaika, walikuwa wakirekodi mchanganyiko wao wa raga na jazi.

Nenda nyuma zaidi, ufike Maihar, mji mdogo katikati ya India. Huko aliishi Allauddin Khan, mwalimu ambaye ukali wake unasimuliwa mpaka leo. Mtu huyo huyo, mwanzoni mwa karne ya 20, aliunda bendi ya watoto yatima, akaweka fidla na chelo pamoja na vyombo vya Kihindi, na akatengeneza chombo cha kugonga kutokana na mitutu ya bunduki. Bendi ya Maihar ilikuwa mchanganyiko kabla neno fyusheni halijavuma. Mzee hakuona mgongano wowote kati ya hayo na kumfundisha mwanafunzi alapu moja kwa miezi.

Ravi Shankar aliingia mikononi mwake mwaka 1938. Alizaliwa Banaras mwaka 1920, akalelewa sehemu ya utoto wake Paris kwenye kundi la ngoma la kaka yake Uday, akazunguka Ulaya na Marekani akicheza jukwaani na kusikia kila aina ya muziki. Angeweza kuanza kuchanganya hapo hapo akiwa na miaka kumi na minane. Aliiacha hoteli na makofi, akaenda kukaa Maihar kwa takriban miaka saba. Konseto yake ya kwanza ya sitari na okestra, aliyoipiga na London Symphony Orchestra chini ya André Previn, ilitoka mwaka 1971, akiwa na miaka hamsini. Kati ya hapo alikuwa ameongoza okestra ya redio ya taifa Delhi, ametunga muziki wa filamu, na amepiga raga kamili kwenye kumbi nyingi za dunia. Anayetaka kumtaja kama mfano wa njia ya mkato amtafute mtu mwingine.

Mwaka huo huo wa 1971, tarehe 1 Agosti, alipiga kwenye tamasha la kuichangia Bangladesh huko New York. Yeye na Ali Akbar Khan walipomaliza kutyuni, ukumbi ulilipuka kwa makofi. Aliwashukuru, akawaambia kama wamependa kutyuni kiasi hicho basi anatumaini wataupenda zaidi muziki wenyewe. Watu huhadithia kisa hicho wacheke. Mimi huona kazi iliyokuwa mbele yake.

Kuna waliofanikiwa, na sababu zinaonekana. Shakti, kundi lililoanza miaka ya 1970 likiwa na John McLaughlin, L. Shankar kwenye fidla, Zakir Hussain na Vikku Vinayakram, halikuwa na sitari, na hilo lenyewe ni funzo kwangu: fidla inateleza popote bila kudaiwa na nyuzi za chini. Walikutanikia kwenye hesabu za mapigo, ambako kaskazini na kusini mwa India wana mengi ya kubadilishana, na hakuna aliyemtwika mwenzake kodi. McLaughlin hakuja na gitaa alilolikuta dukani. Alitengenezewa lenye ubao uliochimbwa kati ya parda ili aweze kuvuta nyuzi, na nyuzi za ziada zilizopita mshazari ziitikie. Alikigeuza chombo chake kabla ya kumwomba mtu mwingine ageuze muziki wake. Mpiga sitari Anoushka Shankar naye, kwenye albamu yake ya mwaka 2011 aliyoifanya na wanamuziki wa flamenko, alichagua jirani wanaoelewana: flamenko inajua kukaa kwenye Re komali, ina mizunguko mirefu ya mapigo, na waimbaji wake huvuta sauti kati ya nota.

Sisi wa Pwani tunao wetu. Marehemu Juma Bhalo wa Mombasa aliimba mashairi ya Kiswahili kwa mahadhi ya filamu za Kihindi, na nimelelewa na sauti hiyo pamoja na taishokoto. Pale ilikubali kwa sababu mtunzi wa filamu kule Bombay alikuwa ameshafanya kazi ngumu ya kuikata raga iwe wimbo. Bhalo alipokea kitu kilichokwisha kuiva, akakitilia ushairi wa kwetu unaojitosheleza. Hakuna aliyejifanya anapiga Darbari.

Kuhusu kazi na riziki, maana hili nalo huulizwa: wengi wetu tunaishi kwa kufundisha. Msimu wa matamasha makubwa ya kaskazini ni miezi ya baridi. Dover Lane ya Kolkata na Saptak ya Ahmedabad ni Januari, Sawai Gandharva hapa Pune ni Desemba, na nafasi ni chache kuliko wapigaji. Usaili wa All India Radio na daraja wanalokupa bado una uzito kwa waandaaji. Kazi za studio zimepungua tangu sauti za sitari zianze kuuzwa ndani ya programu, ingawa hakuna programu niliyoisikia ikivuta mindi (mvuto wa uzi mmoja) ya nota tano ikanidanganya. Sherehe za harusi zinalipa, na utapiga huku watu wanakula. Fyusheni hulipa vizuri kuliko klasiki kwa usiku mmoja, kisha unahesabu majuma ya mazoezi yaliyotangulia na tofauti inayeyuka. Kwa hiyo hata hoja ya fedha haina nguvu inayodhaniwa.

Nina shaka zangu, na siwezi kuzificha huku nikiwasema wengine. Sijui kama wimbo wa dakika tano unaweza kuwa raga hata tukifanya kila kitu sawasawa. Alapu inahitaji muda ili nota moja ipate uzito, na nikiifupisha hadi nusu dakika nabaki na harufu yake tu. Siku hizi nasema "wimbo wenye rangi ya Bhupali" na siandiki jina la raga kwenye kava. Sijui pia kuhusu saa za raga. Nikipiga Bhairav usiku kwenye tamasha la fyusheni najisikia nimevunja kitu, lakini siwezi kukuhakikishia kwamba sikio linasikia asubuhi ndani ya nota zile. Huenda ni mazoea ya miaka ya kuipiga alfajiri. Na ule usafi wanaoulilia wazee haukuwapo tangu mwanzo: sitari tunayoijua ilikua Delhi ya karne ya 18 kutokana na vyombo vya Kiajemi na vya wenyeji, na Vilayat Khan alipoifanya iimbe kama koo la mwanadamu ilimbidi abadilishe nyuzi zake.

Kazi iliyonikalia sasa hivi ni Marwa. Raga hiyo haina Pa, na Sa yake unaikwepa makusudi. Unaizunguka kwa Re komali, Ni na Dha, msikilizaji akiingoja, nawe humpi ila kwa nadra. Mpiga besi wangu ni mtu makini, na ameniuliza swali la haki: yeye apige nini? Akikaa kwenye Sa muda wote anatoa mapema kile ninachokizuia. Akiiacha, hakuna kinachomwambia msikilizaji ni kitu gani kinazuiwa. Tumejaribu Ni chini kabisa, na papo hapo masikio yakaifanya Ni kuwa nyumbani. Tumejaribu tanpura peke yake na besi iingie kwenye gati tu. Hilo la mwisho ndilo tutakalolirekodi, ingawa mpiga besi anaona nimemfungia nje ya nusu ya wimbo, na kila nikisikiliza majaribio yetu naona ana hoja.